Engaruka: wakulima wa kale waliuchosha udongo, au waliutengeneza?

Ukiuliza Arusha kwa nini watu wa kale walihama Engaruka, jibu la haraka ni kwamba waliuchosha udongo. Jibu hilo linawaonea. Chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, wilayani Monduli, Engaruka ina takribani hekta 2,000 za viwanja vilivyozungushiwa mawe. Vililimwa kati ya karne ya 15 na ya 18, mahali ambapo mvua peke yake haitoshi kuivisha mtama. Na wanaakiolojia waliochimba humo wamegundua kwamba, katika baadhi ya viwanja, udongo uliletwa na maji, kwa makusudi.

Ukuta mfupi wa mawe ulikatiza mteremko, kisha maji ya mto yenye tope yakaelekezwa nyuma yake. Maji yakipungua kasi huangusha mzigo kwa zamu: changarawe karibu na mlango, kisha mchanga, kisha tope laini, mfinyanzi hautui mpaka maji yatulie kabisa. Hivyo penye mawe matupu pakapatikana kina cha kutosha mizizi. Lakini kasi ikizidi, tope lote hupita na changarawe hubaki. Mkondo ukitoboa ukuta, huchimba korongo ndani ya kiwanja, na mafuriko ya usiku mmoja huzoa mavuno ya tope ya misimu mingi. Kazi kama hii haidumu vizazi kadhaa bila watu wa kukagua kuta kila maji yanapofurika. Mtu anayefyonza ardhi na kuondoka hajisumbui hivyo.

Wanaowalaumu wana hoja zao. Umwagiliaji kwenye nchi kavu huacha chumvi, na jirani na Ziwa Natron magadi si jambo la kupuuza: sodiamu hutawanya chembe za mfinyanzi, vinyweleo vya udongo huziba, maji yakatuama juu huku mizizi ikikosa. Hata hivyo, mto ukipungua watu huhama hata kama udongo ni mzima, na leo wanakijiji wanamwagilia na kuvuna palepale Engaruka.

Hoja nzito zaidi ni hii: tope lililojaza viwanja lilimomonyoka kutoka miteremko ya juu. Faida ya huku, hasara ya kule. Hesabu yake inapimika vizuri zaidi upande wa Moshi. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kimejengwa na binadamu: ng'ombe bandani, samadi shinani mwa mgomba, maji ya mfongo (mfereji wa asili), mpaka udongo wa majivu ya volkano ukashiba mboji. Lakini majani na mabua ya kulisha ng'ombe hao hupandishwa kutoka shamba la porini, huko chini. Tani moja ya mabua makavu ya mahindi hubeba takribani kilo 6 hadi 8 za naitrojeni na zaidi ya kilo 10 za potasiamu. Ekari ikitoa tani mbili kila mwaka, kwa miaka 10 imepoteza kilo 120 hadi 160 za naitrojeni, mbali na ile iliyoondoka na punje. Samadi nayo huishia kwenye migomba. Nayo migomba ni mlaji mkubwa wa potasiamu, kwa hiyo kihamba huzidi kudai.

Kwangu hilo halifuti kazi ya mikono ya kale; linaonyesha deni linalolipika. Theluthi ya mabua ibaki shambani, maharage yapokezane na mahindi, na sehemu ya samadi, ikiisha kuiva, iteremshwe na gari lilelile linalokwenda kuchukua mabua.

Na anayetaka kung'oa kuta za mawe za kale ili trekta lipite, achimbe kwanza mashimo mawili ya kina cha mita moja, moja juu ya ukuta na moja chini yake. Tope lenye matabaka likionekana upande wa juu, na chini ikawa changarawe karibu na uso wa ardhi, basi ukuta huo ndio unaoshikilia shamba.