Mapenzi kwa Kilo

Anayedhani duka la vitabu ni mahali pa utulivu, aje Mwanza akae mlangoni pa letu kuanzia saa nane mchana. Kulia kwangu kuna kijana wa kava za simu. Yeye mwenyewe kalala juu ya benchi, lakini spika yake ina sauti ya binti aliyerekodiwa ambaye hachoki wala haendi chooni: "Buku, buku, kila kitu buku!" Kushoto kuna fundi cherehani anayegombana na mteja kuhusu suruali ya harusi iliyopita. Na joto, jamani. Wageni wanakuja kupiga picha na Jiwe la Bismarck, wanasifu mawe, wanarudi hotelini kwenye viyoyozi. Hakuna anayewaambia kwamba mawe hayo yakishaota jua tangu asubuhi, mchana yanatugawia sisi tunaokaa katikati yake. Feni tunayo. Umeme ndio huwa una safari zake.

Nimestaafu. Mafao yangu yaliingia kwenye kikokotoo yakiwa na afya, yakatoka yamekonda. Nikawa nashinda nyumbani, na mke wangu akaanza kuniuliza maswali ya kiupelelezi: "Hicho kiti umekikalia tangu saa ngapi?" Kwa hiyo wazee wenzangu walipopita kutafuta mtu wa kujitolea kwenye kiduka chetu cha vitabu vilivyotumika, ili faida inunue madaftari ya watoto wa shule ya msingi ya mtaani, mimi nilikuwa bado nafikiri. Mke wangu akajibu kutoka jikoni: "Atakuja."

Hiyo faida sijaiona kwa macho. Nimeisikia kwenye vikao.

Watu wanaoingia dukani si haba, nisiwe mwongo. Kuna wa kuomba chenji ya elfu kumi, kana kwamba duka ambalo halijauza kitu lina chenji. Kuna wa "mzee, hapa mnatoa hela?" Ubao umeandikwa VITABU kwa herufi za ukubwa wa mbuzi, lakini mtu akiona meza na mzee nyuma yake anajua ni wakala tu. Kuna wa kuomba kuchaji simu, na nikimwambia umeme umekatika ananiangalia kama niliyeukata ni mimi. Wanafunzi wao wana swali moja: "Mna pepa za fomu foo zenye majibu?" Pepa tunazo. Majibu hatuna. Wanatoka bila kuaga.

Na mzigo wenyewe tulionao! Vitabu vya msaada vinavuka bahari kwenye maboksi, na anayetuma hajiulizi vinakwenda wapi. Tuna kitabu cha kufundisha namna ya kuondoa theluji mlangoni kwako bila kuumia mgongo. Tuna vitatu vya Windows 95, vizito, vya kuegeshea mlango upepo wa ziwa ukianza. Tuna cha kupunguza tumbo kwa wiki nne, ambacho mweka hazina wetu alikiazima, na tumbo analo bado na kitabu hajarudisha. Kuna ramani ya Afrika yenye nchi nyingi ambazo zimekwisha kubadili majina, yetu ikiwemo.

Siku moja aliingia mfanyabiashara wa samaki wa Mwaloni kule Kirumba, mtu wa hela, viatu vinanukia dagaa. Akaona kitabu cha kale cha samaki wa Ziwa Victoria, akakipekua kwa furaha mpaka mwisho. Akarudi mwanzo. Furu wamejaa humo kila rangi, sangara hakuna hata mkia. Nikamweleza kwamba kitabu kiliandikwa zamani, na sangara alikuja kupandikizwa ziwani miaka ya 1950. Akanitazama kwa huruma. "Mzee, kitabu cha samaki hakina sangara, hakina bei ya mabondo," yaani vile vibofu vya samaki, "halafu mnasema watu hawapendi kusoma." Akaomba chenji akaondoka.

Tunacho kimoja cha maana, hicho sikibishi. Ni kile cha Aniceti Kitereza wa hapo Ukerewe, cha Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Mzee yule alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapwa mwaka 1980. Miaka 35 anasubiri mchapaji, halafu mwaka 1981 akafariki! Nikikumbuka hivyo huwa naona aibu kulalamikia mteja aliyechelewa. Aibu hiyo haidumu.

Basi akaja bwana mmoja wa makamo, Mkerewe, anasubiri meli ya Nansio, mkononi ana ndoo mpya na godoro limekunjwa. Akakiona.

"Bei gani?"

"Elfu tano."

"Elfu tano kwa mambo ya kwetu? Mzee wangu, haya mimi nimesimuliwa na bibi yangu bure."

Nikamwambia bibi yake hakulipia uchapaji. Hakunisikia, alikuwa ameshakalia kiti changu, na dukani kiti ni kimoja. Mimi mwenye duka nikakalia godoro lake. Akasoma kwa sauti ya chini, anacheka peke yake, anapiga goti. Alipofika pale Myombekere anapotozwa pombe ya ndizi na wakwe ndipo arudishiwe mkewe, alinyanyua kichwa: "Pombe tu? Mimi walinitoza ndama, na mke mwenyewe alirudi amenuna!" Honi ya meli ilipolia akakunja kona ya ukurasa aliofikia, akakirudisha rafuni taratibu kama cha kwake. "Usikiuze," akasema. "Nikija tena mjini nitaendelea."

Lakini hao wote ni wapita njia. Mteja wetu hasa, mwenye kujua anachotaka, ni mama wa maandazi wa pale kwenye kijiwe cha bodaboda.

Msimlaumu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, karatasi imepanda cheo. Zamani mtihani wa mtoto ukishasahihishwa unapotea kwa heshima. Siku hizi unarudi mtaani umebeba karanga, na jirani anatafuna huku anasoma kwamba mwanao alipata sifuri ya hisabati.

"Mwadila, baba," akaingia na salamu ya Kisukuma, akafuta mikono kwenye kanga, akaanza ukaguzi. Jina la kitabu hasomi, mwandishi hana habari naye. Anafungua katikati, anausugua ukurasa kwa vidole viwili, ananusa. Kitabu cha sheria akakirudisha: "Nyembamba mno hii, mafuta yanapita mpaka kwenye sketi ya mteja." Ensaiklopidia yenye picha za rangi, ambayo kikao kizima kiliamua ikae mbele iwe sura ya duka, akaisukuma kwa kiwiko. "Inateleza, hainyonyi. Na rangi ikikutana na moto inahama. Nilishawahi kuuza andazi lina uso wa simba, mteja akadai ni mambo ya kishirikina."

Akafika kwenye riwaya. Hapo akatulia.

"Hizi sasa. Karatasi kavu, ya njano, nene kiasi. Na za mapenzi ndiyo bora kuliko zote."

Nikauliza kwa nini za mapenzi.

"Zimeshikwa na watu wengi, baba. Zimelainika."

Nimekaa maofisini maisha yangu yote, nimesikia wasomi wakichambua vitabu redioni, sijasikia uchambuzi wa namna ile. Nikajaribu kumtetea mwandishi. Nikamwambia mama, mtu aliumiza kichwa kuandika haya, hayafai kubeba maandazi. Akageuka, akatazama duka lote, kona hadi kona. "Wanaosoma wako wapi niwaombe radhi?" Simu ikaita wakati huo huo, mweka hazina: "Mzee, leo tumeingiza ngapi?" Nikachukua riwaya moja nene isiyo na jalada. Mizani hatuna. Mama akaipima mkononi akasema kilo kasorobo, nami kwa bei ya elfu moja na mia tano kwa kilo nikapiga hesabu, tukamalizana.

Kwenye saa kumi akaingia kijana wa bodaboda, midomo inang'aa mafuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chenji sina."

"Sitaki chenji. Nataka ukurasa wa hamsini na moja."

Akakunjua karatasi yenye alama ya andazi katikati. "Huyu dada ametoroka na begi lake, amefika stendi, ameguswa bega, anageuka, anamwona..." Akageuza karatasi huku na huku. "Anamwona nani? Imeishia hapo!"

Nikamwelekeza ukurasa uliko. Akatoka mbio. Mlangoni nikawa naona kila kitu: ananunua andazi, anafungua, ukurasa wa 12. Analiweka mfukoni, ananunua jingine, wa 88, dada ameshazaa. Akapiga kelele. Wenzake wakakusanyika, kila mmoja akatoa karatasi yake, wakaanza kuzipanga juu ya siti ya pikipiki. Aliyekuwa na wa 51 ilibainika ameufutia mnyororo, wakamshambulia kwa maneno ambayo siyaandiki. Abiria mmoja alisimama anapiga makofi, "Nyegezi! Twende Nyegezi!" hakuna aliyemtazama. Maandazi yakaisha mapema kuliko kawaida yake, na walioyanunua wengine hata hawayali.

Mama akarudi dukani anahema.

"Baba, ile ya yule dada wa stendi, ipo nyingine?"

"Ilikuwa moja."

"Nipe ya kufanana. Ila wale wamenigomea, wanataka nifungie kwa kufuata namba."

Nikaona hapa mstaafu na mimi nipate pa kusimamia. Nikashusha mbili, nikazifuta vumbi taratibu. "Hii ina kurasa zote mpaka mwisho, elfu mbili kwa kilo. Hii nyingine kurasa za mwisho zimechanika, elfu na mia tano ile ile."

Akazisugua zote mbili. Akachungulia nje, wale vijana bado wameinamia siti, mmoja anasoma kwa sauti.

"Nipe isiyo na mwisho," akasema. "Kesho watarudi."