Bingwa wa besiboli ni nani: aliyetawala msimu au aliyeshinda Oktoba?

Mwaka 2022, kwenye ligi kuu ya besiboli ya Marekani, Los Angeles Dodgers walishinda mechi 111 kati ya 162. San Diego Padres, walio kundi moja nao, walishinda 89. Msimu ule timu hizo zilikutana mara 19 na Dodgers wakashinda 14. Ikaja Oktoba, zikakutanishwa tena kwenye mtoano ambao anayetangulia kushinda mechi tatu ndiye anayepita. Padres wakashinda tatu, Dodgers moja, safari ikaishia hapo. Mwaka uliofuata mambo yakazidi. Timu tatu zilikuwa na ushindi 100 au zaidi, yaani Atlanta Braves, Baltimore Orioles na Dodgers haohao, na kwenye mtoano zote tatu kwa jumla ziliambulia ushindi wa mechi moja. Fainali yenyewe, World Series, wakacheza Texas Rangers walioshinda 90 na Arizona Diamondbacks walioshinda 84.

Wapo wanaosema huu ni uharibifu: unacheza karibu kila siku kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, unawaacha wenzako nyuma kwa mechi 16 au 22, halafu wiki moja mbaya inafuta yote. Wapo wanaojibu kwamba ndivyo ushindani ulivyo, na kwamba asiyeweza kushinda Oktoba hastahili kuitwa bingwa. Mimi naupenda mtoano, na sitamani ufutwe. Ila nadhani wote wawili hupita bila kuuliza World Series ilianzishwa ijibu swali gani.

Mwaka 1903 Marekani ilikuwa na ligi mbili kubwa zilizokuwa zimetoka kwenye vita vya kunyang'anyana wachezaji: National, iliyokuwa kongwe, na American, iliyoingia juzi tu. Barney Dreyfuss, mmiliki wa Pittsburgh Pirates, akawaalika mabingwa wa American, timu ya Boston, wapimane nguvu. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Walikubaliana kwamba atakayetangulia kushinda mechi tano ndiye mshindi, na Boston wakashinda 5 kwa 3. Mwaka 1904 mabingwa wa National, New York Giants, wakakataa katakata kucheza na mabingwa wa ligi waliyoiona ya hadhi ya chini, na fainali haikuwepo. Mwaka 1905 wakalainika, wakacheza na Philadelphia Athletics, wakashinda 4 kwa 1. Katika mechi zote tano, timu iliyofungwa haikupata hata mkimbio mmoja, yaani hata pointi moja. Christy Mathewson, mrushaji wa Giants (anayemtupia mpira mpigaji wa timu pinzani), peke yake alizifunga mechi tatu namna hiyo ndani ya siku sita.

Swali la miaka ile lilikuwa halisi. Timu za ligi hizo mbili hazikukutana katika msimu. Ingekuwa vigumu kujua ipi ni kali bila kuzisimamisha uso kwa uso. Ndiyo maana habari ya Chicago ya mwaka 1906, ambayo hutajwa kila mara kama mfano wa dhuluma ya Oktoba, mimi siioni dhuluma ndani yake. Cubs walishinda 116 na kupoteza 36 tu, kisha wakafungwa 4 kwa 2 na White Sox wa mji huohuo, timu iliyopiga vibaya hadi ikabandikwa jina la wasiojua kupiga. Ni kweli Cubs walikuwa timu ya kutisha. Lakini White Sox nao walikuwa wamewamaliza wote wa ligi yao. Walikutana mabingwa wawili, mmoja akaanguka. Vivyo hivyo kwa Cleveland ya 1954, iliyoshinda 111 na kufungwa mechi nne mfululizo na Giants.

Padres wa 2022 ni habari nyingine kabisa, kwa sababu swali lao lilikuwa limekwisha kujibiwa. Mechi 162 zilisema, na zile 19 za ana kwa ana zikasema vilevile. Oktoba ikalifungua upya shauri lililokwisha kuamuliwa.

Mabadiliko hayo yalikuja polepole. Hadi 1968 bingwa wa kila ligi aliingia fainali moja kwa moja, na tuzo yake ilikuwa bendera ya ligi. Mwaka 1969 kila ligi ikagawanywa makundi mawili, timu nne zikaingia mtoano. Mwaka 1995 zikawa nane, kwa kuongeza nafasi kwa timu ambazo hazikuongoza kundi lolote. Mwaka 2012 zikafika kumi, na tangu 2022 ni kumi na mbili kati ya thelathini. Wakati huohuo ukuta kati ya ligi mbili ukabomoka: mechi za msimu za kuvuka ligi zilianza 1997, na tangu 2023 kila timu hukutana na nyingine zote 29. Yaani sababu ya kuwa na fainali imepungua huku idadi ya wanaoigombea ikiongezeka.

Hesabu nayo inawaunga mkono wanaolalamika. Chukua timu yenye ubora wa kushinda mechi 55 katika kila 100 dhidi ya kila mpinzani wake wa mtoano, tofauti ambayo kwenye besiboli si ndogo. Mtoano wa mechi tatu, yaani anayetangulia kushinda mbili ndiye anayepita, itapita mara 57 kwa 100. Wa mechi tano, mara 59. Wa mechi saba, mara 61. Timu bora iliyosamehewa raundi ya kwanza bado inatakiwa kupita mtoano mmoja wa mechi tano na miwili ya mechi saba. Zidisha, utapata nafasi 22 kwa 100 ya kuwa bingwa. Timu isiyo na ubora wowote wa ziada ingekuwa na nafasi kama 12 au 13. Tofauti hiyo ndiyo faida yote iliyobaki, na ndiyo maana St. Louis Cardinals wa 2006 waliweza kutwaa taji kwa ushindi 83 tu, idadi ndogo kuliko ya bingwa mwingine yeyote wa msimu kamili.

Nikifika hapa hukaribia kuungana na walalamikaji. Kinachonizuia ni historia ya huo utaratibu wa zamani wanaoutamani.

Mwaka 1987 Minnesota Twins walikuwa mabingwa kwa ushindi 85. Msimu ule walifungwa mikimbio mingi kuliko waliyofunga wao, na katika ligi yao peke yake timu nne ziliwazidi kwa ushindi. Bahati mbaya ya hizo nne ilikuwa kuwekwa zote kundi la mashariki. Mwaka 1973 New York Mets waliingia fainali kwa ushindi 82. Mwaka 1993 San Francisco Giants walishinda mechi 103 wakabaki nyumbani, kwa kuwa Braves wa kundi lao walishinda 104, huku Philadelphia wenye 97 wakiendelea kwa kuongoza kundi jingine. Yote hayo yalitokea kabla ya nafasi za ziada. Basi dhuluma haikuletwa na timu kumi na mbili. Ilianza siku ligi ilipokatwa vipande, na nafasi za ziada zilikuja kuponya mojawapo ya majeraha hayo.

Lipo na jambo zito zaidi, ambalo watetezi wa mtoano wangepaswa kulisema kwa sauti kubwa kuliko wanavyolisema. Timu ya Aprili siyo timu ya Oktoba. Atlanta Braves wa 2021 walimpoteza Ronald Acuña Jr., nyota wao, kwa jeraha la goti mwezi Julai. Mpaka siku za kwanza za Agosti walikuwa hawajapata kuwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Uongozi ukasajili wachezaji wanne wa kujaza eneo la nyuma la uwanja: Joc Pederson, Adam Duvall, Jorge Soler na Eddie Rosario. Braves wakamaliza na ushindi 88, wakawatoa Dodgers waliokuwa na 106, kisha Houston Astros kwenye fainali. Rosario akawa mchezaji bora wa nusu fainali ile, Soler wa fainali. Ukisema 88 ni chini ya 106, umesema kweli juu ya timu ambayo kwa Oktoba ilikuwa haipo tena.

Halafu kuna wale warushaji. Katika msimu mrefu mrushaji mmoja hawezi kubeba timu, maana huanza mechi moja kisha hupumzika siku kadhaa. Oktoba anaweza. Mwaka 2014 fainali ilizikutanisha San Francisco Giants wenye 88 na Kansas City Royals wenye 89, zote zikiwa hazikuongoza makundi yao. Ilifika mechi ya saba, na Madison Bumgarner aliyekuwa amerusha mechi nzima siku tatu kabla akaingia akamaliza awamu tano za mwisho, kati ya tisa za mechi, bila kuruhusu mkimbio. Mwaka 2025 Yoshinobu Yamamoto wa Dodgers alianza mechi ya sita ya fainali dhidi ya Toronto, akashinda, na usiku uliofuata akarudi uwanjani kuimaliza ya saba iliyokwenda awamu 11. Sijui mpenzi wa besiboli ambaye angekubali kuvipoteza vitu hivi ili jedwali liheshimiwe.

Kwa hiyo ubishi wa kuufuta au kutoufuta mtoano hauna tija. Cha kujadili ni heshima na faida ya aliyeongoza. Na hapo Waasia wamewatangulia Wamarekani.

Japani anayeongoza ligi kwa msimu ndiye bingwa wa ligi, na anabaki bingwa hata akitolewa baadaye. Siku ya kulipata taji hilo wachezaji humrusha kocha wao hewani. Akiingia hatua ya mwisho ya mtoano wa ligi yake hupewa ushindi mmoja kabla mpira haujarushwa, na mechi zote huchezwa kwake. Korea Kusini ni ngazi: wa tano hucheza na wa nne, mshindi na wa tatu, kisha na wa pili, huku kinara akisubiri fainalini. Hakuna kinga kamili katika hayo. Yokohama DeNA BayStars walimaliza wa tatu mwaka 2024, wakawatoa Yomiuri Giants waliokuwa mabingwa wa ligi, wakawafunga na SoftBank Hawks wenye ushindi 91. Lakini Giants hawakunyang'anywa kitu: taji la ligi la 2024 ni lao mpaka leo. Sisi tuliokulia kwenye soka tunalielewa hilo upesi, maana ligi ina kombe lake na mtoano una lake, na hakuna anayemuuliza bingwa wa ligi kwa nini alitolewa kwenye robo fainali.

Marekani bendera ya ligi, ile ya kabla ya 1969, siku hizi hupewa anayeshinda nusu fainali. Aliyeongoza miezi sita hupata ubingwa wa kundi lake, kusamehewa raundi ya kwanza, na mechi moja zaidi nyumbani.

Milwaukee Brewers wa 2025 ndio ninaowafikiria zaidi. Ni timu ya mji mdogo ambayo haijawahi kushinda World Series. Iliifikia mara moja, 1982, ikafungwa kwenye mechi ya saba. Mwaka 2025 ilishinda 97, kuliko timu nyingine yoyote, na ilicheza na Dodgers mara sita katika msimu ikashinda zote sita. Oktoba wakakutana tena kugombea bendera. Brewers wakafunga mkimbio mmoja katika kila mechi, wakapoteza zote nne. Ubingwa wa kundi la kati ndio taji pekee walilobaki nalo.