Mkopo wa Nafuu, Mgonjwa Bado Yuko Kitandani

Saa yangu ya ukutani inakaa kwenye kiti, mwaka wa 9 sasa. Kuta ninazo, tena nne kila chumba, ila mwenye nyumba hataki misumari. Siku tunahamia alipitisha kiganja kwenye rangi kama anapapasa kichwa cha mtoto mchanga, akasema, "Msumari hapa, hapana." Basi saa ikapewa kiti. Mgeni akija tunailaza chini ili apate pa kukaa, na akiuliza saa ngapi tunainama wote.

Mke wangu ndiye aliyeanza. Usiku mmoja alikuwa anapiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto. "Baba, unajua tumelipa kodi mara 108?" Nikajifanya nimelala. Hesabu hiyo kila mpangaji anaijua, na hakuna anayetaka kusomewa.

Kesho yake nikaona tangazo: mkopo wa nyumba wa nafuu kwa mnunuzi wa mara ya kwanza. Pichani baba, mama na watoto wawili wameshika ufunguo, wanacheka mpaka jino la mwisho. Maisha yangu yote sijaona watu wanadaiwa wakacheka vile. Ningekuwa na akili ningesimama kwanza kwenye hilo neno nafuu. Mgonjwa akipata nafuu ina maana amepona? Hajapona. Ameacha kupiga kelele tu.

Nikaenda. Afisa mikopo ni kijana wa juzi, tai imemkaba, adabu anayo. "Karibu mzee, umewahi kukopa popote?"

Nikatanua kifua. Swali hilo nimelisubiri tangu ujana. "Sijawahi kudaiwa na mtu hata senti."

Akasikitika kama nimempa habari ya msiba. "Hilo ndilo tatizo, mzee. Huna historia."

Miaka yote najinyima, nakwepa madeni kama mvua, kumbe nilikuwa najichafulia jina! Jirani yangu mwenye mikopo mitatu, anayelipa mmoja kwa mwingine, yeye historia anayo. Nikamwambia kijana, nimelipa kodi miezi 108 bila kuruka hata mmoja, hiyo siyo historia? Akasema kodi si mkopo, haionekani kwenye taarifa zao. Niambie basi, hela inayotoka kila mwezi tarehe ileile inakuwaje haionekani? Mwenye nyumba anaiona vizuri sana.

Tukaendelea. Benki hainunui nyumba nzima, inatoa asilimia 80, na ile 20 nitangulize mimi. Nikauliza nitaitoa wapi. Akasema, "Weka akiba." Nimeiweka! Shida ni kwamba mimi naweka kwa kijiko na bei za nyumba zinapanda kwa ndoo. Nikifikisha 20 ya bei ya mwaka juzi, nakuta ni 15 ya bei ya leo. Hapo bado mthamini, ambaye namlipa mimi na ripoti yake ni ya benki. Bado wakili, ada ya kushughulikia mkopo, na bima ya maisha, ili nikifa benki isipate uchungu.

Halafu kijana akanigeuzia kioo cha kompyuta, na hapo ndipo niliomba maji.

Chukua mkopo wa milioni 1, riba asilimia 12 kwa mwaka, miaka 25. Kila mwezi unalipa 10,532. Nikasema si mbaya. Akanionesha mwezi wa kwanza: katika hizo 10,532, riba ni 10,000. Mkopo wenyewe umepungua kwa 532. Yaani nimetoa jasho la mwezi mzima nikanunua bawaba ya mlango! Nikamwambia ashuke chini kwenye jedwali. Akashuka, akashuka, kipanya kikachoka. Mwaka wa 19 umekwisha, bado nadaiwa zaidi ya nusu. Mwisho kabisa jumla inasoma milioni 3 na laki 1 na ushei. Nyumba moja nimenunua, mbili nimeiachia benki.

"Na hii ni riba ya salio linalopungua," akasema kwa fahari, yaani inapigwa kwenye deni lililobaki tu. Kumbe kuna nyingine, wanayopiga kwenye mkopo wote mpaka siku ya mwisho hata kama umebakiza kiasi cha kununulia kufuli. Asilimia 12 ileile ukiipiga hivyo miaka 25, unarudisha milioni 4. Kwa hiyo ukiambiwa riba ni 12, usiseme asante. Uliza 12 ya nini.

Nikauliza kama haitapanda njiani. Akasema hii inabadilika na soko, inaweza kupanda au kushuka. Mara ya mwisho kushuka ilikuwa lini? Akatazama dari. Na nikipata hela nikalipa mapema? Akasema kuna faini kidogo. Nikichelewa? Faini. Sasa mimi niwe wapi, ndugu zangu? Nilipe nikiwa katikati ya mguu mmoja na mwingine?

Nikauliza, na ukipunguza miaka? Akaweka 15. Kwa mwezi ikawa 12,002, na jumla ikaanguka mpaka milioni 2 na laki 1 na ushei. Milioni nzima imeokoka kwa kuongeza kama 1,470 tu kila mwezi! Nikaruka kitini. "Nipe hiyo!"

Akakohoa. "Marejesho yasizidi theluthi ya mshahara, mzee. Hiyo ya 15 hufikii. Hata ile ya 25 hufikii." Kisha akatupia macho nywele zangu, kistaarabu kabisa. "Na mkopo unatakiwa uishe kabla hujastaafu."

Sasa nisikilizeni. Kodi yangu inakula sehemu 4 katika kila 10 za mshahara. Marejesho ya miaka 25 yalikuwa pungufu ya kodi hiyo. Kwa hiyo benki inasema siwezi kulipa kidogo, wakati miaka 9 nalipa kingi. Mwenye nyumba hakuwahi kuuliza theluthi. Angeambiwa nalipa mshahara wote angesema Mungu akuzidishie.

Kijana akanionea huruma. Akasema niongeze mshahara wa mke kwenye maombi, niendelee na akiba, na nilete barua ya mwenye nyumba kwamba nalipa vizuri. Haiwi historia kamili, ila inasaidia faili.

Nikamfuata mwenye nyumba, nikaomba barua kwa heshima zote. Ajabu, aliandika vizuri kuliko mwajiri wangu. "Ni mpangaji mwaminifu. Hulipa kabla ya tarehe. Hana kelele. Hapigi misumari." Saini, tarehe, na mhuri, sijui aliupata wapi. Nilikaribia kulia. Nyumbani tuliisoma mara mbili, mke wangu akaihifadhi kwenye bahasha.

Siku tatu baadaye bahasha nyingine ikapitishwa chini ya mlango. Mwandiko uleule. Amefurahi kusikia tunafikiria kununua nyumba, inaonesha hali yetu ni nzuri, na hivyo kuanzia mwezi ujao kodi itapanda kidogo. Mke wangu akafungua nyuma ya daftari la mtoto, akaweka hiyo kidogo kando ya akiba yetu ya kila mwezi. Zinalingana mpaka senti, utadhani alikuwa anachungulia.

Hakusema neno. Aliiondoa saa kwenye kiti, akailaza chini, akanisogezea kiti nikae.