Kipya Kinyemi: Laptopu ya Gemu kwa Hewa ya Amu

Mpwa wangu alinitumia picha ya laptopu mpya ambayo vitufe vyake vinawaka taa nyekundu kama nyumba ya harusi. Chini yake kaandika: "Mjomba, hii yafaa?" Bei ilikuwa laki na ushee. Yeye ana elfu sabini, na nusu ya hizo ni jasho la likizo nzima ya kubeba mawe ya ujenzi kule Shela, kisiwani hapa Amu (Lamu). Nikamjibu neno moja tu: ngoja.

Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda changu mimi kipo kabatini hadi leo. Miaka mitatu nyuma nilinunua laptopu mpya ya gemu, ya bei ya chini kabisa katika aina yake, kutoka duka moja la Nairobi. Ilikuja ndani ya sanduku linalonukia upya, na waranti ya mwaka mmoja. Mwezi wa kumi na nne tundu la chaji likaanza maringo: waya ukiukunja hivi linapokea, ukiuachia linakataa. Haukupita muda, bawaba ya kushoto ikang'oka na kipande cha plastiki. Fundi wangu wa Langoni alipoifungua alinyamaza kwanza, kisha akanionyesha. Shaba ya tundu la chaji ilikuwa imeota kijani. RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo mashine hufanyia kazi, nayo ilikuwa imechomelewa kwenye bodi, haitoki wala haiongezeki. Hata kama waranti ingekuwa hai, ya kazi gani? Mashua hadi Mokowe, basi hadi Nairobi, halafu wiki za kungoja simu ya mtu asiyejua Amu iko upande gani.

Wanaoandika ushauri wa laptopu huandika kutoka miji mikavu. Sisi hapa tunaishi na chumvi hewani. Chumvi huvuta unyevu, na unyevu wenye chumvi hupitisha umeme na kula shaba. Laptopu ya gemu ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu feni zake mbili zinavuta hewa hiyo kwa nguvu kila unapocheza na kuipitisha juu ya bodi. Ongeza joto la kaskazi mwezi wa Februari, chumba cha juu chini ya makuti, na kijana aliyeketi na mashine mapajani tangu tarawehe hadi daku. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza kama itafunguka. Kasi yake nitaiuliza baadaye.

Na hapo ndipo mtumba unapoishinda mpya, kwa mtu wa elfu sabini. Simaanishi laptopu ya gemu iliyotumika. Hiyo iogope. Mwenye nayo wa kwanza aliichosha kwa miaka kama punda wa mawe, na anaiuza kwa sababu anajua asichokwambia. Nazungumzia laptopu za wahandisi, zile ambazo kampuni za Ulaya na Marekani huwapa watu wao wa kuchora majengo na mitambo, kisha baada ya miaka michache huzitoa kwa mkupuo. Zikifika Kenya zinaitwa "ex-UK", yaani za kutoka Uingereza, hata kama zimetoka kwingine. Tafuta HP ZBook 15 G6, Lenovo ThinkPad P53 au Dell Precision 7540, zote za mwaka 2019. Ni nzito, nyeusi au za kijivu, hazina taa hata moja ya kumpendeza kijana. Lakini kifuniko cha chini kinatoka kwa skrubu, ndani zina nafasi nne za RAM, betri inabadilishwa, na feni unaweza kuisafisha mwenyewe ukiwa na subira.

Kadi ya grafiki, ile inayochora picha za skrini, ndiyo roho ya gemu, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Mashine hizo nyingi zina Quadro T1000, kadi ya kazi ya kampuni ya NVIDIA. Jina la Quadro huwatisha vijana, wakidhani ni kitu cha ofisini kisichocheza. Ukweli ni kwamba T1000 na GTX 1650 ya laptopu, kadi ya gemu ya NVIDIA haohao, zimejengwa juu ya chipu ileile, TU117, na nyingi zina kumbukumbu ya gigabaiti 4. Kinachochezeka kwenye 1650 kinachezeka humo, kwa tofauti ndogo. EA Sports FC 24 ilitaka angalau GTX 1050 Ti, kwa hiyo mpira utachezwa bila shida ukishusha mapambo kidogo. (Shida ni gigabaiti 100 za kuipakua. Hilo ulizungumze na mwenye waifai wako.)

Mwaka mmoja nyuma ya hizo kuna ZBook 15 G5 na ThinkPad P52, mara nyingi na Quadro P1000 au P2000. Ni rahisi zaidi, lakini kadi hizo ni za familia ya Pascal, iliyoanza 2016, na NVIDIA iliacha kuitolea drava mpya za gemu, yaani programu za kuiendesha kadi, mwaka 2025. Ongeza elfu chache upate herufi T, kama ile T1000. Kwa upande wa prosesa, ubongo wa mashine, usishuke chini ya kizazi cha nane cha Intel, kwa kuwa Windows 11, isipokuwa kwa prosesa chache tu, haikitambui rasmi cha chini ya hapo, na Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025.

Sasa hila za sokoni. Iliyoenea kuliko zote ni hii: muuzaji anaandika "grafiki 4GB" juu ya laptopu isiyo na kadi yoyote. Hadanganyi kabisa, anacheza na maneno. Windows huruhusu grafiki ya Intel iliyo ndani ya prosesa kuazima hadi nusu ya RAM, basi mwenye RAM ya 8 anaona 4 mahali fulani kwenye skrini na kuipigia tarumbeta. Fungua Task Manager, nenda sehemu ya utendaji (Performance), utafute jina la NVIDIA au AMD likiwa na kumbukumbu yake yenyewe. Ukiona Intel peke yake, funga, shukuru, ondoka.

Betri pia ina msema kweli wake. Fungua Command Prompt ya Windows, andika amri powercfg /batteryreport, na ripoti itakuonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na leo imebakiwa na ngapi. Mtumba wenye nusu ya betri haunitishi, maana gemu huchezwa kwenye chaji hata hivyo. Mashine nyingi hupunguza nguvu za kadi ukichomoa waya. Kinachonitisha ni betri iliyovimba na kuinua padi ya kipanya. Hiyo usiiguse.

Washa mashine uingie BIOS, ile programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows. Ikidai nenosiri la kampuni iliyokuwa nayo, rudisha mezani, hata kama muuzaji anaapa kwamba fundi wake atalitoa kesho. Kibodi itazame kabla ya kulipa: ya Ujerumani ina Z mahali pa Y, ya Ufaransa ndiyo kizunguzungu kabisa. Iliyotoka Uingereza kweli ina faida ndogo tamu, kwamba plagi yake ya pini tatu inaingia kwenye soketi zetu bila kigeuzi. Kisha mwombe muuzaji akuache ucheze nusu saa. Akiona tabu na nusu saa, umeshapata jibu.

Siwadharau wanaonunua mpya. Mwenye laki na nusu achukue yenye RTX 4050 asinisikilize. Atapata kadi ya gigabaiti 6, skrini nyepesi inayokwenda mara 144 kwa sekunde, na betri bichi. Ila ahakikishe angalau RAM inatoka, na asiiweke dirisha linalotazama bahari.

Mpwa wangu alinuna siku mbili. "Mjomba, watanicheka, hii ni ya mzee wa kaunti." Mwishowe P53 ikaletwa na basi hadi Mokowe, ikavuka kwa mashua ndani ya mfuko wa unga, naye ameipakata kama mtoto mchanga. Chaji yake ni nzito kama tofali. Nilimkatia vipande viwili vya boriti aiinue nyuma, hewa ipite chini. Usiku wa kwanza alifungwa mabao matano na mtoto wa jirani, akasema ni kosa la kadi. Nikamwambia akae nayo hadi kusi iishe, kisha tuifungue pamoja tusafishe feni. Bisibisi tayari ninayo.