Wimbo Unaoujua Ndio Unaoliza

Mtu mzima akitokwa na machozi kwa wimbo alioujua tangu utotoni, wapo wanaomshangaa. Mimi namwelewa sana. Wimbo mgeni unausikiliza tu, lakini ule unaoujua unausubiri: unajua sauti itapanda wapi, na kabla haijapanda kifua kimeshajaa. Sasa uwe umekaa mbele ya wapigaji ishirini, nao wapande pamoja pale pale ulipopangojea. Utajizuia vipi?

Sikukuu ya Mashujaa ya 2019 ilifanyika hapa Mombasa, kwenye bustani ya Mama Ngina. Bendi ikapiga wimbo wa taifa, nasi tukasimama. Mahadhi ya wimbo ule yametoka kwa Wapokomo wa Mto Tana. Ni wimbo wa kubembelezea watoto, uliochukuliwa na kutiwa maneno mapya kwa ajili ya uhuru wa 1963. Karibu nami alisimama bibi mmoja amempakata mjukuu begani. Tarumbeta zilipoingia, mkono wake ukaanza kumpigapiga mtoto mgongoni, taratibu, sawasawa na mdundo. Sidhani kama alijua anafanya hivyo. Mimi koo lilinikaba, nikashindwa kuimba.

Ndiyo maana nasikitika nikienda harusini siku hizi. Kinanda kimoja cha umeme na spika mbili kubwa, basi. Kitufe kikibonyezwa, sauti ya fidla inatoka, ila hakuna mkono unaoivuta. Kwenye taarabu ya kundi kamili, mwimbaji akimaliza mshororo fidla zinamjibu, zote kwa sauti ile ile, lakini kila mpigaji anaitia nakshi yake: huyu anawahi kidogo, yule anaiburura noti kabla ya kuiachia. Hazilingani kikamilifu, na kwangu mimi machozi yanatoka hapo hapo, kwenye kule kutolingana. Mpiga kanuni naye ameinamia nyuzi zaidi ya sabini, vidole vya shahada vimevishwa pete za kudonolea, na kabla ubeti haujaisha kuna mama ameshainuka kwenda kutuza, noti mkononi, macho yamelowa.

Wenzetu wa Unguja wameutunza utaratibu huo. Vikundi vyao vya taarabu vipo bado: Ikhwani Safaa tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958. Sisi Mombasa tulikwenda njia nyingine, na ni njia tamu. Marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarabu, alizivisha nyimbo za filamu za Kihindi mashairi ya Kiswahili, na wazee wa Mji wa Kale hadi leo wanayaghani mahadhi yale wakiwa kwenye kahawa. Lakini hebu fikiria: mahadhi hayo yalirekodiwa Bombay na okestra kubwa zenye safu za fidla, yakatufikia sisi, tukayapiga kwa harmonia, tabla na tashkota, kile kinanda cha nyuzi chenye vitufe. Hatujawahi kuyasikia kwa ukubwa wake na maneno yetu juu yake.

Wako wanaosema kupiga nyimbo zinazojulikana ni njia rahisi ya kuwafurahisha watu. Sikubaliani nao hata kidogo. Wimbo usiojulikana ukikosewa nani atajua? Huu ukikosewa, hata mtoto wa madrasa atageuza shingo.

Gharama ipo, siikatai. Kulipa wapigaji ishirini si mchezo. Lakini tunalipia jukwaa la maua linalobomolewa alfajiri, na hakuna anayelalamika. Kaunti, mahoteli, na matajiri wetu wa harusi wangechanga kwa usiku mmoja tu wa kundi kamili, ndani ya ua wa Fort Jesus, viti vya plastiki vinatosha. Ningeomba waanze na wimbo mmoja wa Bhalo, fidla zote, udi, kanuni, akodioni na besi, na ubeti wa kwanza upigwe bila mwimbaji. Maneno yataimbwa na waliokaa vitini.