Pauni 29,000 si kikwazo pekee

Habari yenu imeeleza vizuri kwamba Septemba 2025 Uingereza ilisimamisha maombi mapya ya wakimbizi kuunganisha familia, hivyo wengi wakabaki na viza ya kawaida ya mwenzi. Ndugu zangu wa Kisumu, kile kiwango cha chini cha kipato kinachotakiwa kwa viza hiyo, pauni 29,000 kwa mwaka, kinapimwa kwa kipato cha mwenzi aliye kule Uingereza. Mshahara unaolipwa hapa Kenya hauhesabiwi. Hati zake za mshahara za miezi 6 lazima zioane na taarifa za benki: kiasi kilichoandikwa ndicho kionekane kimeingia. Akiwa analipwa taslimu, mambo huharibika hapo.

Lakini wengi hapa kwetu hukwama kwenye cheti cha ndoa. Mahari yamelipwa, wazee wameshuhudia, picha zipo, ila ndoa haijasajiliwa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka msajili aarifiwe ndani ya miezi 3 baada ya taratibu za kimila kukamilika, pamoja na tamko kwamba zimetimizwa. Jamani, sajilini mapema! Kipimo cha kifua kikuu kinachotakiwa kwa viza msikifanye mapema mno, cheti chake hudumu miezi 6 tu.