Joto la valvu ya usalama kwenye kesi ya moto, tuache kulikopi tu

Juzi nilikuwa napitia hesabu za valvu ya usalama ya tanki la propani, kesi ya moto, yaani hali ya tanki kuzungukwa na moto, nikafika kwenye kisanduku cha joto la wakati valvu inapuliza nikakuta 45. Nikamuuliza dogo aliyezifanya, hii 45 umeitoa wapi? Akanijibu kwa heshima zake, "kaka, si ndo joto la kazi, lipo kwenye deta shiti." Sikumgombeza, maana wengi tumefundishwa kujaza visanduku, na hiki kinapita bila mtu kukiangalia mara mbili. Mimi kinaniuma sana.

Moto ukiwaka chini ya tanki lenye propani ya maji, yaani gesi iliyogandamizwa ikawa kimiminika, propani inachemka, presha inapanda mpaka valvu ifunguke, na kwa kesi ya moto kanuni za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, zinaruhusu presha ifike asilimia 21 juu ya ile ya mwisho ya tanki. Sasa joto unalolitafuta ni lile ambalo propani inachemkia kwenye presha hiyo basi. Fikiria maharage kwenye presha kuka, maji ya mle ndani yanachemka kwenye nyuzi 120 hivi wala si 100, na ukiongeza moto hayazidi hapo, mvuke tu ndo unatoka kwa fujo. Tanki letu presha yake ya mwisho ni bari 17.2, zidisha kwa 1.21 unapata 20.8, jumlisha bari 1 ya hewa unakaribia 22, na propani hapo inachemka kwenye nyuzi 61 hivi. Kwa hiyo 45 hapana, na zile 800 za moto wenyewe ambazo nazo nishaziona zimeandikwa, hapana vilevile.

Ikiwa ni mchanganyiko wa propani na butani ndo kabisa huna namba moja, nyepesi inatangulia kutoka, nzito inabaki, joto linapanda taratibu, inabidi upige hesabu hatua kwa hatua mpaka uone ni wakati gani unadai valvu kubwa zaidi.

Kwenye tanki la gesi tupu ndo naomba tutulie. Hapo hakuna kinachochemka, gesi inapata moto tu na presha inapanda nayo, so unachukua joto la kazi kwa Kelvini unazidisha kwa presha ya kupuliza ukigawa kwa presha ya kazi, zote ukihesabu na ya hewa. Chukua tanki la bari 15, kwa hesabu ileile ya 1.21 na bari 1 ya hewa presha ya kupuliza inakuja 19.2. Kama kazini linakaa bari 10 (ya hewa imo humo) na nyuzi 40 unapata nyuzi 327 hivi. Likikaa bari 6 kwa hesabu hiyohiyo, tanki lilelile, unapata kama 727. API 521, mwongozo wa taasisi ya petroli ya Marekani, inashauri ukuta wa chuma cha kawaida usizidi 593! Yaani chuma kinaweza kulegea na kupasuka kabla tanki halijafika presha ya kupuliza, halafu mtu anaijaza hiyo 727, anachagua saizi, anasaini, anaona tanki lipo salama.

Na hata penye propani ya maji usilale. Feyzin, Ufaransa, Januari 4, 1966, tufe la propani, yaani tanki la duara kama mpira, liliungua, valvu ya usalama ikafunguka kama ilivyotakiwa, na tufe likapasuka vilevile, watu 18 wakafa, wakiwemo wazimamoto. Propani ya maji inapoza chuma kile inachokigusa tu. Sufuria yenye maji haiungui, ila pale palipokauka panakuwa pekundu, na kadiri valvu inavyopuliza ndo propani inashuka na ukuta mkavu unaongezeka. Ile 61 ni ya propani, ukuta wa juu una joto lake lingine kabisa ambalo kwenye shiti ya valvu halina hata kisanduku.

Ukiniuliza mimi, mtu asiruhusiwe kuchagua saizi kabla hajaandika kwa maneno yake ndani ya tanki kuna nini wakati valvu inapuliza, na chuma kina joto gani.

Shiti ya dogo imerudi jana. Ina 61, na pembeni kaandika kwa kalamu: "Kaka, ukuta wa juu ya propani nani anaumwagia maji?" Nimelipeleka swali kama lilivyo kwa watu wa zimamoto wa kiwanda, nasubiri jibu.